Fundi Aliyewapika Wenye Nyumba

Kibiti ina mafundi wengi: wa pikipiki, wa cherehani, wa umeme, na mimi ninayechomelea vyuma. Lakini ukisema "Fundi kasema", kila mtu alijua unamtaja yule mmoja, mtu wa viyoyozi, mwembamba, mkavu, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni katika mji ambao hata mbuzi hutafuta kivuli saa nne za asubuhi. Nilifanya naye kazi miaka mingi juu ya mapaa ya watu, yeye akifunga mashine, mimi nikichomelea fremu za kuzikalisha. Sikumpenda hata siku moja. Ila mpaka leo nikipita chini ya jengo alilolifungia mashine yeye huinua macho nikatazama juu, na kazi ya mtu mwingine siitazami hivyo.

Alikuwa na desturi ambayo watu waliiita kupikwa. Ukimwita akuchagulie mashine ya duka lako, gesti au ofisi, hakuja na futi kamba kwanza. Alikuja baada ya adhuhuri, jua limeshakaa juu ya bati, akafunga madirisha na milango, akakuketisha katikati ya chumba pamoja na watu wa kukijaza, naye akaketi mbele yako. Hakuna feni, hakuna maji. Alitazama nani anatoka jasho kwanza na amekaa upande gani, akainuka kushika ukuta wa magharibi kwa kiganja, akarudi kukaa. Hapo ndipo alipojua joto linaingilia wapi, na mashine ya ukubwa gani italitoa. Kisha ikaja sheria yake. Mwenye nyumba akitoka nje kabla ya Fundi, basi Fundi atachagua mashine peke yake, ataifunga anapotaka, na mwenye nyumba hana haki ya kuuliza neno. Fundi akitoka kwanza, mwenye nyumba atamuuliza lolote na yeye atajibu. Hilo la pili halikuwahi kutokea. Watu wazima na matumbo yao walitoka mle wamelowa chapachapa, na yeye akafuata nyuma yao, shati kavu, akijisafisha kucha.

Utauliza kwa nini walikubali. Walikubali kwa sababu watu humwamini fundi anayewatukana. Fundi mpole tunamwona ana njaa.

Mwenye gesti moja pale kituo cha mabasi alitaka mashine kubwa kuliko zote za mjini, ikae juu ya paa mbele kabisa, abiria wa Lindi na Mtwara waione. Fundi akamwambia ya kati inatosha. Yule bwana akasema anayelipa ni yeye. Fundi hakubishana, akaifunga hiyo kubwa. Mashine kubwa kupita kiasi hupoza chumba upesi ikazima kabla haijakausha unyevu, kwa hiyo vyumba vikawa baridi na maji yanateleza ukutani. Mashuka yakanuka uvundo, magodoro yakaota ukungu. Yule bwana akaja karakana karibu kulia. Fundi akamtazama tangu viatu mpaka kofia.

"Ulitaka baridi, au ulitaka majirani waone?"

"Fundi, nisaidie."

"Majirani wameona."

Daktari mmoja wa bara aliyefungua zahanati yake binafsi alisoma mahali kwamba zipo mashine zinazopoza na pia zinazotoa joto, akaomba ya namna hiyo, maana mwezi wa saba alfajiri alikuwa anasikia ubaridi. Fundi alitoka hadi kwenye benchi la wagonjwa, akawaambia, "Jamani, daktari wenu anaumwa. Anasikia baridi Kibiti. Mpimeni yeye kwanza." Benchi zima lilicheka, hata mama aliyekuwa na mtoto wa homa. Tangu hapo jina likawa Daktari Baridi, watoto wakimwimba njiani, mpaka akafunga zahanati akarudi kwao. Alikuwa daktari mzuri. Sisi tuliobaki tukaanza tena kupanda magari kufuata vipimo mbali, na Fundi hakulisemea jambo hilo kamwe.

Mimi nami hakunisahau. Kwetu ni Makete, kunako umande unaoganda. Siku ya kwanza aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli kabisa. "Kwenu baridi mnapewa bure, na bado mnahama." Nilicheka. Baada ya kumsikia mwaka mzima akiwatolea wateja mbalimbali kauli hiyo, sikucheka tena.

Na bado, mtu huyu alikuwa mpole kwa mashine kuliko mama kwa mwanawe. Tulitumwa mara moja kupeleka kiyoyozi Maparoni, kule kwenye delta, kwenye ofisi ya mnunuzi wa kamba wa baharini, na maji yakapwa tukiwa katikati ya mikoko, boti ikakaa kwenye tope. Mashine haitakiwi kulala ubavu, mafuta yake huhama. Fundi akatuteremsha sote, mimi na wapagazi wawili, tope likatufika mapajani, ili boti isiinamie upande. Mvua ikaja. Alikuwa na turubai moja, akaifunika mashine, akakaa pembeni yake ameikumbatia kama mtu aliyebeba mgonjwa. Mpagazi mmoja akamwambia, "Fundi, na sie je?" Akajibu, "Nyie mnajua kuogelea." Zikivuma pepo zenye chumvi alirudi kule kwa nauli yake kuziosha mashine kwa maji baridi ya kisima, wala hakudai shukrani. Nilimwona akiifuta moja mapezi yake, yale mabati membamba ya kutolea joto, kwa leso aliyofutia uso.

Nyumbani kwake hakuwa na kiyoyozi. Hakuwa hata na feni. Alilala chini ya bati tupu lisilo na dari, chumba ambacho angempika mtu mle angekufa. Nilipomuuliza akanipa msemo wake aliowapa wote: "Baridi ni ya wenye mali na maiti. Mie si huyu wala si yule."

Tena jambo la kazi hakulisema mara mbili. Akikupa maelekezo, ameyatoa. Ukimwomba ayarudie alijibu "Nshasema", basi. Wazee wa kahawa walimkanya, wakamwambia hata adhana hurudiwa. "Mie si muadhini," akasema. Wakavuta uradi, wakamwacha.

Sasa niseme habari ya Mama Sharifa, maana bila yeye ningekuwa nimemaliza, na ungeondoka ukidhani nimekusimulia mzee mkorofi wa kuchekesha.

Mama Sharifa alikuwa mtu wa Maparoni, akinunua kamba na kaa kwa wavuvi na kuwapeleka mjini. Alipochoka na maji aliuza boti zake zote na shamba lake la mpunga, akajenga ukumbi wa sherehe hapa Kibiti, kando ya lami. Hakubakiza cha kurudia. Ukumbi ndio ungemlisha uzeeni, na shughuli ya kwanza ingekuwa harusi ya Sharifa, bintiye wa pekee.

Fundi aliitwa mwezi wa Ramadhani. Mama akamwomba, "Fundi, si tungoje mfungo uishe ndiyo unipike?"

"Jua halijafunga," akasema Fundi.

Yeye mwenyewe alikuwa amefunga, hilo lazima niliseme. Nilikuwa mmoja wa waliojazwa ukumbini siku ile. Mama alivumilia mpaka midomo ikawa myeupe, kisha akainuka anayumba, jirani yake akamshika kwapani akamtoa mlangoni. Hapo, mama akiwa amempa mgongo na karibu kuzimia, Fundi akasema, kwa sauti ile ile ya siku zote, "Mashine itakaa juu ya zege, na juu yake pabaki wazi." Mama hakusikia. Hakuna mtu aliyekuwa vile angesikia. Kwa Fundi, alikuwa amekwishasema.

Mashine ikafungwa, nzuri, ya kiasi chake. Mimi nikaenda Ngorongo kuchomelea mageti ya shule. Huku nyuma Mama Sharifa akapanda juu ya paa, akaiona mashine yake inaungua na jua tangu asubuhi hadi jioni, akaihurumia. Sisi wa hapa ndivyo tulivyo. Kitu cha thamani hakiachwi juani. Akaita wasusi wa makuti, wakaijengea kibanda kizuri sana, kinene, kimeshuka pande zote hadi magotini. Siku ya kuwalipa akamwita Fundi aje aone, akasema mbele za watu, kwa furaha yake tu, "Nimeimalizia kazi yako, Fundi."

Wanasema Fundi alikitazama kile kibanda muda mrefu. Kisha akasema, "Imemalizika."

Mashine ya juu ya paa huvuta hewa ubavuni na kutema joto juu. Ukiifunika inalimeza tena joto lililotoka tumboni mwake, mpaka linaiua. Siku ya harusi ilistahimili hadi bibi harusi alipoingia. Vigelegele havijaisha, ikanguruma, ikakata. Ukumbi ulikuwa umejaa pomoni na madirisha yake ni ya vioo visivyofunguka, kwa ajili ya hiyo baridi. Poda za wanawake zikachuruzika, keki ikainama, bibi yake Sharifa akatolewa mzobemzobe. Sharifa alikaa peke yake kwenye kiti chake cha maua, wanja umefika kidevuni, hajui ainuke au abaki. Nilikuwa nimerudi jioni ya jana yake, nami nilialikwa. Fundi alikuwa meza ya tatu, anakula pilau. Mjomba wa Sharifa akamwinamia, "Fundi, tuokoe." Akajibu pasipo kuacha kutafuna, "Leo mie mgeni."

Wakamalizia harusi nje, kwenye manyunyu, mitandio ikiburuzika matopeni. Vijana waliotoka Dar wakaupa ukumbi jina pale pale: Oveni.

Kesho yake nilipanda juu nikaona makuti. Nikashuka nikamwambia mama, waziwazi, kwamba makuti ndiyo yameiua, na kwamba Fundi alisema juu yake pabaki wazi. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mwanangu, wewe ni wa chuma. Ngoja nimuulize mwenye fani." Tukaenda wote. Akamuuliza Fundi kama ni kweli. Fundi alikuwa anakoroga chai.

"Sheria unaijua, mama. Ulitoka kwanza."

"Basi nikumbushe tu, ulisema nini?"

"Nshasema."

Mama akanigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemtukana. Akaagiza mashine ya pili kwa Fundi huyo huyo, naye akaifunga chini ya makuti yale yale, kwa ufundi wake wote, kila nati mahali pake. Ikafa. Ya tatu ikafa. Siku tuliyoishusha ile ya pili nilimwona Fundi akiifuta vumbi kwa leso yake, na macho yake mekundu. Aliipenda, na aliiacha ife, ili mwanamke mmoja ajue kwamba kazi ya Fundi haimaliziwi na mtu. Nimelifikiria hilo miaka mingi na sijalielewa. Nilichoelewa ni kwamba siku ile nilimchukia.

Mji nao ukapata la kusema. Ukumbi una kisirani. Ukumbi umejengwa kwenye kitalu cha jini wa moto. Fundi aliulizwa kahawani, na neno moja lake lingemaliza yote. Akasema tu kwamba mashine zake ni nzima. Basi ikawa ni jini. Shughuli zote zikahamia kwenye ukumbi wa mtu mwingine wenye feni mbovu. Mama Sharifa akarudi kukaanga mihogo mbele ya ukumbi wake mwenyewe.

Siku moja akaniita. Alikuwa amekonda. "Panda," akasema. "Yatoe."

Niliyatoa makuti yote, nikaisafisha mashine ya tatu, nikamtafuta kijana wa umeme akabadilisha kilichoungua. Ikawaka. Tukakaa ndani mimi na yeye mchana kutwa, na baridi ikatushika hadi akajitanda khanga ya pili. Nikadhani atafurahi. Akaanza kulia, polepole, bila sauti, kwa ajili ya zile boti, na harusi, na miaka aliyoipoteza. Na ukumbi ukabaki mtupu vile vile, kwa kuwa jini hatolewi na mchomeleaji. Kila niliyemwambia alinijibu, "Fundi kasemaje?"

"Mashine sasa siitaki," Mama Sharifa akaniambia. "Nautaka mdomo wake. Kamwambie namwita, aje anipike upya."

Fundi alikuwa ameshaacha kupanda mapaa. Kifua kilikuwa kimemwangusha; alikohoa mpaka akashika ukuta, na mwili ulibaki mifupa na lile shati. Nilidhani atakataa. Alisikia neno "kupika" akaomba viatu vyake. Nikampakia kwenye pikipiki.

Mle ukumbini mama alikuwa amewakusanya mwenyekiti wa mtaa, wapishi wa shughuli, wanawake wa vikundi vya kufa na kuzikana, wale wote wanaoamua harusi ifanyikie wapi. Madirisha ni yale yale yasiyofunguka. Mashine imezimwa. Viti viwili vinatazamana katikati. Fundi akaketi, akavuta pumzi, akasema, "Funga mlango."

Mlango ukafungwa, bila ufunguo. Tukakaa.

Mama Sharifa hakutikisika. Alikuwa amevaa baibui jeusi na khanga juu yake, jasho linamtiririka naye halifuti. "Mie nimekulia kwenye moshi wa kukausha kamba," akasema, wala hakusema na mtu maalumu. Na kisha tukaliona lile ambalo mji mzima haujawahi kuliona. Jasho lilimtoka Fundi juu ya mdomo. Likamtoka kwenye paji. Mkono wake ukapanda polepole hadi shingoni, ukafungua kile kifungo.

"Naomba maji," akasema.

"Maji yametoka wapi?" akasema mama. "Si sheria yako?"

Akakohoa mpaka akajikunja. Mwenyekiti hakuweza tena. "Mama, mzee wa watu huyu. Atakufia hapa."

"Mlango haujafungwa kwa ufunguo, mwenyekiti. Atoke tu."

Hakutoka. Alijua maana yake. Alishika kiti kwa mikono miwili, anavuta hewa kama samaki aliyetupwa kwenye mkeka, na sisi wote tukimtazama, hakuna aliyeinuka. Mimi pia sikuinuka. Nilikuwa nafurahi, na sioni haja ya kuficha. Mwishowe akasimama. Akaenda mlangoni anaburura mguu, akausukuma, akaegemea mwimo, nusu ndani nusu nje.

"Umetoka kwanza," akasema Mama Sharifa, yuko kitini pake. "Nakuuliza. Mashine zangu zilikufa kwa nini?"

"Makuti."

"Sijasikia."

Akageuka. Sijui kama ilikuwa ghadhabu au kukosa hewa. "Makuti. Uliifunika. Ikanyimwa pa kutolea joto."

"Na jini?"

"Hakuna jini."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku uliponiita nione."

"Wa nyuma hawajasikia, Fundi. Anza tena, tangu mwanzo."

Na akaanza tena, tangu mwanzo, neno kwa neno, yule asiyekuwa muadhini, mbele ya wanawake wa Kibiti. Makuti. Uliifunika. Hakuna jini. Tangu siku uliponiita. Alipomaliza, mama akafungua fundo la khanga yake, akatoa rimoti, akabonyeza. Juu ya paa ikanguruma. Baridi ikashuka.

Palikuwa na vigelegele, palikuwa na watu kushikana mikono, na kabla mchana haujaisha mwenyekiti mwenyewe alikuwa ameshaomba nafasi ya ndoa ya mwanawe. Fundi alirudi akakaa kwenye kile kiti, pale pale upepo uliposhukia. Aliinua uso akafumba macho. Sijapata kuuona uso wake umelegea vile. Watu wakatoka mmoja mmoja, tukabaki watatu.

Mama Sharifa akaja akasimama mbele yake, rimoti mkononi.

"Baridi ni ya wenye mali na maiti," akasema. "Haya, Fundi. Wewe ni yupi?"

Alifumbua macho. Nilidhani atamtukana, na nadhani mama naye alikuwa anangoja tusi.

"Bado kidogo, mama," akasema. "Niache kidogo."

Mama akabonyeza. Mashine ikanyamaza, na joto halikuchelewa kurudi, kwa maana ukuta ule wa magharibi ulikuwa bado una jua la kutwa nzima.

Nilimrudisha kwake. Mgongoni mwangu alikuwa mwepesi kuliko mtungi wa gesi. Nikamlaza juu ya kitanda chake, chini ya lile bati, nikamvua viatu, na ile furaha yangu nikaitafuta nisiione.

"Fungua mlango," akasema.

Nikamwambia nimeshaufungua.

"Fungua mlango," akasema tena.

Ulikuwa wazi, nilikuwa nimesimama hapo hapo kizingitini, na nje nako upepo haukuwako.